Tarakimu Sita Anazozitaka Tapeli

"Ile hela tuma kwenye namba hii." Wengi wetu Tanzania tumeuzoea ujumbe huo kiasi cha kuucheka na kuufuta. Aliyeutuma hana shida na wanaocheka. Ameurusha kwa namba nyingi kwa mkupuo, akijua hakosi mmoja ambaye muda huohuo anasubiri namba ya fundi au ya mwenye nyumba. Huyo atatuma bila kuuliza.

Wizi mwingi unaofika majumbani mwetu ni wa namna hiyo. Hauhitaji mtaalamu wa kompyuta, unahitaji mtu anayejua kuomba. Ndiyo maana hata mwenye simu ya bei mbaya na programu ya kuzuia virusi naye huibiwa.

Chukua WhatsApp. Akaunti husajiliwa kwa namba ya simu. Tapeli anaingiza namba ya mama kwenye simu yake yeye, na mfumo unatuma tarakimu sita kwenye laini ya mama ili kuhakikisha mwombaji ndiye mwenye namba. Hapohapo mama anapata ujumbe wa shoga yake wa kikoba: "Dada samahani, kuna namba zimekuja kwako kimakosa, nirushie." Shoga mwenyewe hana habari, akaunti yake ilishatekwa. Mama anazirusha, na WhatsApp yake inajifunga mkononi mwake. Jioni kikoba kizima kinaombwa laki mbili za dharura ya hospitali, kwa jina lake na kwa picha yake aliyopiga harusini.

Ipo njia nyingine ambayo mimi naiogopa zaidi, maana humo mama haombwi tarakimu yoyote. Mtu anapiga akijiita mhudumu wa kampuni ya simu, anasema laini ina hitilafu, bonyeza *21* kisha namba atakayokutajia na alama ya reli. Kumbe hiyo ni amri ya kuhamishia kwake kila simu inayokuja kwako. Baada ya hapo anaomba zile tarakimu sita zisomwe kwa simu ya sauti badala ya ujumbe, na simu inaita kwake. Kuangalia kama simu zako zimehamishwa, bonyeza *#21#. Kufuta kila uhamisho, ##002#. Na kwa Tanzania, kampuni za simu huwapigia wateja kwa namba 100, si kwa namba ya kawaida ya mtu.

Dawa ya yote mawili ni uthibitishaji wa hatua mbili, uliomo kwenye mipangilio ya akaunti ya WhatsApp. Unaweka namba yako ya siri, na bila hiyo tarakimu sita pekee hazimfikishi tapeli popote. Kaa na mama umwekee, ila namba aichague mwenyewe, na usiwe mwaka wake wa kuzaliwa. Weka na barua pepe, kwa siku atakayoisahau.

Kama akaunti imeshachukuliwa, isajili upya kwa namba yako. Ukishaingiza tarakimu sita zilizokuja kwenye laini yako, tapeli anatolewa. Huenda ukakuta ameshaweka namba yake ya siri, na ukaambiwa usubiri siku 7. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani bado yumo ndani anaendelea kukopa. Hayumo.

Laini yenyewe nayo ina mlango. Tunafunga skrini kwa alama ya kidole, halafu laini tunaiacha wazi. Mwizi akiipora simu kwenye daladala hahangaiki na skrini. Anachomoa laini, anaichomeka kwenye kiswaswadu na kuanza kupokea jumbe za uthibitisho za mwenye mali. Weka namba ya siri ya laini kwenye mipangilio ya usalama ya simu, lakini kwa uangalifu: ukikosea mara tatu inajifunga mpaka upate namba ya PUK. Tena bonyeza *106# uone ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Usiyoitambua, nenda ukaifute.

Wenye waifai nyumbani wabadilishe neno la siri la kiwandani la ruta. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu majina na maneno ya siri ya kiwandani, na mwezi Oktoba vifaa hivyo vilitumika kuzima kwa saa kadhaa tovuti kubwa, Twitter ikiwemo.

Na hela ikishatumwa? Usianze kubishana na tapeli kwa ujumbe, kama wengi wanavyofanya. Piga 100 hapohapo, maana kampuni inaweza kuizuia ikiwa bado imo kwenye akaunti yake, ila akishaitoa kwa wakala kazi inakuwa ya polisi. Namba yake iripoti kwa ujumbe kwenda 15040. Na hao kikoba wapigie simu mmoja mmoja, wasikie sauti yako, kabla hawajaanza kuchanga.