Kofia inalinda mfupa, na ubongo je?



Kule Marekani kuna mpira usiofanana na wetu. Una umbo kama la yai, watu wanaukamata kwa mikono, na timu zinagongana mwili kwa mwili. Kwa sababu hiyo wachezaji wote wanavaa kofia ngumu. Mtu anayewaangalia anafikiri wako salama. Sivyo.

Kofia inasaidia mfupa wa kichwa usivunjike. Lakini ubongo ni laini, umekaa ndani ya mfupa kama kiini ndani ya yai. Tikisa yai kwa nguvu: ganda ni zima, ndani mmeharibika. Vivyo hivyo mtu akigongwa, ubongo unatikisika, hata kama kofia haina alama.

Mike Webster alicheza katika ligi kubwa tangu mwaka 1974 mpaka 1990, akapata sifa nyingi. Baadaye akaanza kusahau, akili ikavurugika, mara nyingine akalala ndani ya gari lake. Alikufa mwaka 2002, mwenye miaka 50. Munganga Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, alipima ubongo wake, akaona ugonjwa unaoletwa na kugongwa kichwa mara nyingi. Alipoandika habari hiyo mwaka 2005, wanganga wa ligi walitaka ifutwe. Mwaka 2016 mkubwa mmoja wa ligi alikubali mbele ya wajumbe wa bunge kwamba mpira na ugonjwa huo vina uhusiano.

Mwaka 2017 wataalamu wa Boston walitangaza kwamba walipima ubongo wa wachezaji 111 wa ligi hiyo waliokwisha kufa. 110 walikuwa na ugonjwa. Ni kweli, jamaa nyingi zilitoa ubongo huo kwa kuwa zilikwisha kuona dalili. Hatuwezi kusema kila mchezaji ataugua. Hata hivyo, hesabu hiyo inatisha.

Je, mpira huo utakufa? Bado unapendwa sana, lakini unageuka. Tangu mwaka 2011 mazoezi ya kugongana yamepunguzwa. Anayeonekana ameumia kichwa anatolewa, harudi bila ruhusa ya munganga. Tena kuna namna nyingine ya kuucheza: humwangushi mwenzako, unavuta kitambaa kilichofungwa kiunoni mwake. Namna hiyo imekubaliwa kuingia Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, mwaka 2028.

Na sisi? Kofia ya kazi ivae kila siku, maana jiwe halichagui mtu. Lakini ukigongwa, usiseme: "Nilikuwa na kofia, si kitu." Acha kazi, mwambie kapita, fika kwa munganga. Nawe mama, baba akirudi nyumbani anatapika, anasinzia kupita kawaida, anachanganya maneno, au kichwa kinazidi kumwuma, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali usiku ule ule.

Kofia iliyopasuka inabadilishwa. Ubongo haubadilishwi.