Msafiri wa Baiskeli na Mlango wa Jioni

Watu wengi wasikiapo habari za mtu aliyevuka bara hili peke yake kwa baiskeli, huistaajabia miguu yake. Huuliza: Amekwenda umbali gani? Amekutana na simba wangapi? Sisi nasi tulikuwa katika hao, mpaka lilipotupata jambo tutakalolieleza hapa.

Madrasa yetu iko kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Iringa, nayo ni sehemu ya ile njia ndefu waipitayo wageni watokao Kairo kwenda Cape Town. Jioni moja, karibu na Magharibi, akatufikia kijana mgeni mwenye baiskeli iliyopakiwa mizigo mbele na nyuma, vumbi limemjaa hata kwenye kope. Akaomba maji, akapewa. Kisha akaomba kwa ishara aruhusiwe kulala kando ya ukuta wetu, katika hema lake dogo. Tukasitasita. Tukaona hatumjui, wala hatujui alichobeba. Tukamwonyesha barabara, tukamwambia kuwa mbele kuna nyumba ya wageni. Nyumba yenyewe ilikuwa mbali kiasi cha kilomita 20, na wingu lilikwisha funga. Usiku ule mvua ilinyesha mpaka alfajiri, nasi hatukupata usingizi.

Basi tukaanza kusoma habari za wasafiri wa namna hiyo, tupate kujua siku yao huwaje. Aliyetugusa zaidi ni Kazimierz Nowak, mtu wa Poland, aliyezaliwa mwaka 1897 na kufanya makazi yake katika mji wa Poznań. Katika miaka ile ya dhiki ya uchumi ulimwenguni alikosa kazi, naye ana mke na watoto wawili. Akaazimia kuja Afrika, awe akipiga picha na kuandika makala za magazeti ya kwao, ili ahali yake ipate riziki. Akaondoka Novemba 1931. Mkewe, Maria, akamsindikiza mpaka Roma, kisha akarudi kwa watoto.

Mume akavuka bahari, akashuka Tripoli. Libya wakati huo ilikuwa katika majonzi, kwani Waitalia walikuwa wamemnyonga Sheikh Omar Mukhtar tarehe 16 Septemba ya mwaka uo huo. Kutoka huko Nowak alipita Misri, Sudan, Kongo, Rwanda na Burundi, hata mwaka 1934 akafika Cape Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya bara hili. Mtu angedhani safari imekwisha. Yeye akageuka, akashika njia nyingine ya kurudi kaskazini. Katika nchi iitwayo leo Namibia akaiacha baiskeli, akapanda farasi. Mitoni akapiga makasia. Sahara akapanda ngamia. Na kwingine akaenda kwa miguu. Akafika Algiers Novemba 1936, akiwa amekwenda kilomita zipatazo 40,000 kwa muda wa miaka mitano.

Siku ya msafiri wa namna hii huanza alfajiri, kabla jua halijakaza. Hukunja hema, hukung'uta viatu asije akakanyaga nge, hufunga mizigo isilalie upande mmoja. Hesabu yake ya kwanza ni ya maji. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Akibeba lita 10 ni kama aliyempakia mtoto wa mwaka mmoja, na akibeba lita mbili kisha akakikuta kisima kimekauka, roho yake imo hatarini. Penye mchanga mwingi magurudumu huzama, naye hushuka akaikokota baiskeli kwa mwendo wa kobe. Mwiba ukitoboa mpira hutafuta kivuli, akautoa mpira wa ndani, akautia majini aone povu latokea wapi, akaupiga msasa, akatia gundi na kiraka. Mchana mkali hupumzika. Chakula chake ni kile apatacho: ugali, mihogo au ndizi, na tende kule jangwani.

Lakini jua likianza kuinama, mawazo yake hubadilika. Asubuhi alijiuliza, "Nitafika wapi?" Sasa hujiuliza, "Nani atanipokea?" Hapo nguvu ya miguu haimfai kitu. Ataingia kijiji asichokijua lugha yake, atamtafuta mzee wa mahali, atasalimu, kisha atasimama kando ya baiskeli yake akingoja jibu. Nowak hakuwa na fedha nyingi, na mara kwa mara alilala porini au kwa wenyeji. Katika maandiko yake aliusifu ukarimu wa Waafrika, akalaumu jinsi walivyotendewa na wakoloni.

Kwa hiyo twasema kuwa yule aitwaye msafiri wa peke yake kwa kweli hayuko peke yake. Safari yake imebebwa na aliyemwonyesha kisima, na fundi aliyemwungia chuma kilichokatika, na mama aliyempa bakuli la uji bila kumwuliza jina. Tena imebebwa na Maria, aliyebaki na watoto wawili miaka mitano akingoja barua.

Vijana wapendao safari na wakumbuke hilo, kwani waliobaki nyumbani nao wana haki zao. Malaria ilimrudia Nowak tena na tena, akarejea kwao mwili umechakaa, na hata mwaka haujatimia tangu kufika Algiers, akafariki Poznań, Oktoba 1937, akiwa na umri wa miaka 40. Makala zake zilikusanywa na kutolewa kitabu mwaka 2000.

Ama sisi Waislamu hatuna udhuru. Katika Surat At-Tawba, aya ya 60, msafiri aliyeharibikiwa ametajwa miongoni mwa makundi manane ya wapewao zaka. Twawafundisha watoto wetu aya hiyo kila mwaka, kisha siku ilipotujia mlangoni ikiwa na vumbi, tukaipa mgongo.

Hatusemi mtu asijihadhari. Mwenye mke na watoto ana haki ya kuogopa. Lakini hofu ina dawa yake, nayo ni kushirikiana. Sasa tumetenga baraza ya nje ya madrasa, tumeweka mtungi wa maji na mkeka. Akija mgeni, twampelekea habari mwenyekiti wa kitongoji, na vijana wetu wawili hulala papo hapo. Tangu hapo wamekwisha pita wageni wawili, na mmoja wao aliwafundisha wanafunzi wetu kunyoosha gurudumu lililopinda.

Yule wa kwanza hatukupata habari zake tena. Twamwomba Mwenyezi Mungu awe alimfungulia mlango mwingine usiku ule, na atughufirie sisi tuliomfungia wetu.