Pikapu kubwa si dawa ya kila trela: pima mzigo kabla ya kufungua mkoba

Wahenga wa pwani walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama kwa kando huuona mwepesi, lakini uzito wake aujua mwenye kuubeba. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila familia ya Likoni, Kisauni na Changamwe yenye pikapu inayokokota trela. Mara nyingi mwenye gari mwenyewe hajui ni kilo ngapi zinazomfuata nyuma.

Trela zimekuwa nyingi upande wa bara wa Mombasa. Kuna za mahema na viti vya harusi na matanga, za matangi ya maji, za jenereta, na za mashua za kushusha baharini. Nyumba za magurudumu, yaani karavani, si nyingi nchini kama zilivyo Afrika Kusini au Uingereza, lakini zimo, na kuna familia zinazotamani kwenda Tsavo au Diani zikiwa na malazi yao nyuma.

Sasa pikapu ikianza kulalamika, ikapiga moshi kwenye mlima na kuchemsha maji, neno la kwanza linalosikika nyumbani ni hili: "Tuiuze, tununue kubwa." Mkopo wa SACCO huombwa, akiba ya karo huguswa, na gari lenye injini kubwa huletwa. Je, tatizo huwa limekwisha? Si lazima. Huenda familia imenunua nguvu za kuvuta huku ikiwa bado haina nguvu za kusimama.

Kuvuta ni kumoja, kusimama ni kwingine

Hebu msomaji utazame hesabu moja. Baadhi ya pikapu mpya za kazi nzito tunazoziona barabarani, kama Toyota Land Cruiser ya muundo wa 79, Toyota Hilux na Isuzu D-Max, zinaruhusiwa na waliozitengeneza kuvuta trela ya hadi kilo 3,500. Watu wengi huishia hapo kusoma. Maneno yanayofuata ndiyo yenye uzito: ruhusa hiyo ni kwa trela yenye breki zake yenyewe. Trela isiyo na breki, pikapu hizo hizo zinaruhusiwa kilo 750 tu.

Kwa hivyo mtu anaweza kuuza pikapu yake ndogo, akaingia deni la miaka, akanunua dume la pikapu, kisha akalifunga kwenye ile ile trela ya zamani iliyochomelewa kwa fundi wa jua kali bila breki yoyote. Kwa upande wa usalama atakuwa amebaki pale pale kwenye kilo 750.

Sababu yake si ngumu. Breki za pikapu zimetengenezwa kwa ajili ya uzito wa pikapu na mzigo uliomo ndani yake. Ukifunga nyuma trela yenye uzito sawa na gari, umeongeza maradufu kazi ya breki zile zile. Mwendo nao huzidisha mambo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nguvu ya mwendo mara 4 ya ile liliyo nayo likienda kilomita 40. Nguvu yote hiyo lazima igeuke joto kwenye breki kabla gari halijasimama.

Kivuko cha Likoni hakina mzaha

Wakazi wa Likoni hawahitaji kueleweshwa sana jambo hili. Maji ya Kilindini hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 siku za bamvu. Maji yakikupwa, njia ya kushukia feri huwa na mteremko mkali kuliko wakati maji yamejaa. Pikapu yenye trela hushuka hapo polepole, husimama, husogea, kisha husimama tena, huku trela ikiisukuma kwa nyuma. Ng'ambo ya pili mambo hugeuka: dereva hulazimika kung'oa gari kutoka kwenye kusimama, juu ya mlima, trela ikimvuta kurudi majini, na nyuma yake pana umati wa watu wanaotembea kwa miguu.

Septemba 29, 2019, gari dogo liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee likazama, na mama na binti yake wakapoteza maisha. Gari hilo halikuwa na trela. Hata hivyo, tangu siku ile kila dereva anayeingia kivukoni anajua kwamba maji hayampi mtu nafasi ya pili.

Siku hizi mwenye mzigo mzito anaweza kuikwepa feri kwa kupitia barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini na kuungana na ile ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Ni mzunguko, lakini kwa trela nzito huenda ukawa mzunguko wenye busara.

Kaa na karatasi na kalamu

Tuchukue mfano wa chama cha kina mama wa Mlaleo, Kisauni, kinachokodisha mahema na viti. Tuseme kina viti 200 vya plastiki, kila kimoja kilo 2 na nusu. Hizo ni kilo 500. Mahema mawili na vyuma vyake ni kilo 450, jenereta kilo 100, na trela yenyewe tupu ni kilo 400. Jumla ni kilo 1,450, takriban mara mbili ya zile kilo 750.

Je, chama kinahitaji pikapu kubwa? Jibu limo kwenye kitabu cha gari na kwenye kibati kilichobandikwa mlangoni au chini ya boneti. Ikiwa pikapu waliyo nayo ni nzima na inaruhusiwa kuvuta kilo 1,500 kwa trela yenye breki, basi fedha zao zitafanya kazi zaidi zikitumika kuweka breki kwenye trela, kubadilisha matairi yaliyochoka na kurekebisha taa. Ikiwa hairuhusiwi, bado kuna njia ya kufanya safari mbili. Deni lije mwisho, si mwanzo.

Sasa tuvuke hadi Shika Adabu, Likoni, kwa kijana anayeuza maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi lake la lita 2,000 ni tani 2 kamili, na trela ya chuma ni kilo 600. Hizo ni kilo 2,600, kila siku, juani. Huyu anahitaji gari zito zaidi, na trela yenye breki pia. Aidha ajue kwamba tangi lililojaa nusu lina hatari yake: maji hukimbilia mbele dereva anapofunga breki, na hukimbilia kando anapokata kona. Tangi zuri huwa na vizuizi ndani vya kuyatuliza.

Familia yenye karavani nayo ina hesabu yake. Uzito ulioandikwa kwenye karavani mara nyingi ni wa karavani tupu. Tia maji, mtungi wa gesi, godoro, vyombo na nguo, na kilo 200 au 300 zitaongezeka bila mtu kutambua. Karavani pia ina kifua kipana cha kukinga upepo, na lori kubwa likiipita kwa kasi kwenye barabara ya Nairobi huweza kuiyumbisha.

Safari hiyo ya Nairobi ni kupanda mlima. Mombasa iko usawa wa bahari, na Nairobi iko takriban mita 1,700 juu. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda. Gari linalovuta vizuri pale Bamburi litachoka mbele ya safari.

Somo kutoka kwa hamali wa mkokoteni

Kuna mtu anayejua mambo ya trela kuliko madereva wengi, naye ni hamali wa mkokoteni wa maji wa Chaani au Magongo. Hupanga mitungi yake kwa kipimo. Akiiweka yote nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni hurushwa juu na yeye huning'inia. Akiiweka yote mbele, mikono yake huchoka kabla ya kufika kwa mteja. Huacha uzito kidogo tu mbele, basi akaenda zake.

Trela hufuata kanuni hiyo hiyo. Takriban asilimia 10 ya uzito wote wa trela inafaa kuegemea kwenye ndoano ya pikapu. Kwa wale kina mama wa Mlaleo, kilo 1,450 zataka kama kilo 145 kwenye ndoano. Uzito wa mbele ukipungua sana, trela huanza kuyumba huku na huku kama mkia. Ukizidi, nyuma ya pikapu huzama, magurudumu ya mbele huwa mepesi, usukani hukosa kushika na taa humulika mbinguni.

Tena kumbuka kwamba kilo hizo 145 huhesabiwa kama mzigo wa pikapu yenyewe, pamoja na abiria na sufuria zilizo nyuma. Ndiyo maana pikapu yenye milango minne, ambayo familia nyingi huipenda kwa sababu ya watoto, mara nyingi huruhusiwa mzigo mdogo kuliko ndugu yake wa milango miwili. Nafasi ya watu imekula nafasi ya kilo.

Trela ikianza kuyumba barabarani, usikanyage breki kwa nguvu wala usiongeze mwendo. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, uache gari lipungue lenyewe. Halafu simama mahali salama upange mzigo upya.

Ukiamua kununua, nunua nini?

Miaka ya nyuma Peugeot 504 na Datsun 1200 ndizo zilizotamba katika kazi za pikapu. Leo Isuzu huunganishwa Nairobi na kampuni ya Isuzu East Africa, iliyojulikana kama General Motors East Africa hadi 2017. Wengine hununua gari lililotumika ng'ambo, ambalo kwa sheria ya Kenya halipaswi kuzidi umri wa miaka 8 linapoingizwa nchini.

Lolote utakalochagua, usiulize ukubwa wa injini peke yake. Uliza uzito wa gari lenyewe, maana gari jepesi huburutwa na trela nzito. Uliza uzito wa jumla unaoruhusiwa kwa gari na trela pamoja. Tazama chesi kama ina nyufa au kutu, kwani upepo wa chumvi wa pwani hula chuma kimyakimya. Tazama breki, rejeta, na gia ya chini ya kupandia mlima. Mwenye trela ya mashua aioshe kwa maji baridi kila inapotoka baharini, la sivyo breki zake zitaganda.

Jihadhari pia na ile tiba maarufu ya gereji: "Mzee, tukuongezee springi mbili tu." Springi za ziada huinua nyuma ya gari lisionekane limelemewa. Haziongezi breki, haziongezi nguvu ya ekseli, wala hazibadilishi kilichoandikwa kwenye kibati. Zimeficha dalili, ugonjwa ungalipo.

Mwisho, trela ni chombo kinachosajiliwa na kupewa nambari yake, na inahitaji taa, vibao vya kuakisi mwanga na minyororo miwili ya akiba iliyopishana chini ya ndoano. Kabla ya kuondoka, uliza bima yako kama inaikumba trela, na uthibitishe kwamba leseni ya dereva inamruhusu kuivuta. Na watoto wasipandishwe juu ya trela, hata kama harusi iko mtaa wa pili.

Mizani kwanza, benki baadaye

Kabla ya kwenda SACCO, ipakie trela yako kama siku ya kazi, uipeleke kwenye mizani ya malori. Maghala na vituo vya mizigo vya Changamwe huwa nazo. Ipime trela, kisha upime pikapu na trela pamoja. Linganisha tarakimu hizo na zilizoandikwa na mtengenezaji. Karatasi ya mizani itawaambia baba na mama wa nyumba ukweli ambao muuzaji wa magari hana haraka ya kuusema.

Huenda ikasema kwamba pikapu ya zamani yatosha, ikipewa trela yenye breki. Huenda ikasema kwamba kweli wakati wa gari kubwa umefika. Vyovyote iwavyo, familia itakuwa imeamua kwa kilo, si kwa tamaa ya macho, na dereva atateremka pale kivukoni akijua kwamba kilicho nyuma yake kitasimama yeye anaposimama.