Kura kwa Mgombea Asiyetarajiwa Kushinda

Kila Marekani inapoingia katika mwaka wa kuchagua Rais, wenzetu wengi hapa shuleni huuliza mbona watu wale huchagua mara mbili. Mwezi wa pili redio yatangaza kuwa fulani ameshinda, mwezi wa sita yatangaza fulani mwingine, kumbe uchaguzi wenyewe ni mwezi wa kumi na moja. Papo hapo huzuka swali lingine lililo gumu zaidi: kwa nini wako watu wanaotoa fedha zao, nguvu zao na usingizi wao kumpigania mgombea ambaye hata wao wajua kwamba hatashinda? Makala hii yataka kulijibu swali hili la pili, lakini hapana budi tuanze na lile la kwanza, maana bila hilo jibu halitaeleweka.

Uchaguzi wa mwezi wa Novemba ni wa vyama kupambana. Kabla ya siku hiyo kila chama lazima kipate mtu wake mmoja, na njia ya kumpata ndiyo huitwa uchaguzi wa mchujo. Wafanana kidogo na kura za maoni ambazo vyama vya hapa kwetu hupiga kutafuta wagombea ubunge, ila kule huendelea kwa miezi kadhaa, jimbo baada ya jimbo. Kura za kila jimbo huhesabiwa ili ijulikane kila mgombea atakuwa na wajumbe wangapi katika mkutano mkuu wa chama. Apataye zaidi ya nusu ya wajumbe ndiye asimamaye kwa jina la chama.

Sasa tuseme sisi twachagua kiranja mkuu kwa mtindo huo, na kila bweni lina wajumbe kumi. Kama sheria yasema mshindi wa bweni atwae wajumbe wote, basi mwenye kura 41 atachukua kumi, na mwenye kura 39 hatapata hata mmoja. Lakini kama sheria yasema wagawane kwa kadiri ya kura, hata yule aliyepata sehemu moja katika tano ataondoka na wajumbe wawili. Tofauti hii naomba msomaji aishike, maana tutairudia.

Mfano niliouchagua ni wa mwaka 1972, na mgombea ni Bibi Shirley Chisholm. Alizaliwa Brooklyn, katika mji wa New York, tarehe 30 Novemba 1924. Baba yake alitoka Guyana, ambayo zamani zile ilitawaliwa na Waingereza, na mama yake alitoka kisiwa cha Barbados. Utoto wake kwa miaka kadhaa aliupitisha Barbados kwa bibi yake mzaa mama. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ualimu wa watoto wadogo. Mwaka 1968 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, na neno alilolitangaza mbele ya wapiga kura wake lilikuwa kwamba yeye hakununuliwa na mtu wala hana bwana wa kumwamrisha. Kiispania alikijua vizuri, hata akaweza kuzungumza na wapiga kura wenye asili ya Puerto Rico kwa lugha yao wenyewe.

Alipofika Barazani wakubwa walimpanga katika kamati ya kilimo, yeye aliyetoka mtaa wa mjini usio na shamba. Wageni Barazani walitazamiwa kunyamaza. Yeye alilalamika waziwazi, na akahamishwa. Katika hotuba yake ya kwanza, mwezi wa Machi 1969, alisema kuwa ataipinga kila sheria ya kuitengea fedha Wizara ya Ulinzi mpaka serikali itakapogeuza mawazo yake na kuyatanguliza mahitaji ya watu nyumbani kuliko vita vya Vietnam. Alitaka pia malezi ya watoto wa akina mama wafanyao kazi, na mshahara wa halali kwa watumishi wa nyumbani. Huo ndio mwelekeo wa mageuzi, na ndio uliowavuta vijana.

Tarehe 25 Januari 1972, katika kanisa moja la Brooklyn, alitangaza kuwa anataka kusimama kwa chama cha Democratic katika kugombea Urais. Alisema kuwa yeye ni mweusi na aona fahari kwa hilo, lakini si mgombea wa weusi peke yao; ni mwanamke na aona fahari kwa hilo pia, lakini si mgombea wa wanawake peke yao; yeye ni mgombea wa watu. Hapakuwa na mtu mweusi aliyepata kutafuta uteuzi wa chama kikubwa kwa bidii namna hiyo, majimbo mengi kwa mara moja. Mbele yake walisimama watu wazito: Seneta Edmund Muskie, ambaye wengi walimdhania mshindi, Seneta Hubert Humphrey, aliyepata kuwa Makamu wa Rais, Seneta George McGovern, mpinga vita, na Gavana George Wallace wa Alabama, aliyejulikana kwa kutetea ubaguzi wa rangi. Fedha za Bibi Chisholm kwa kampeni nzima zilikuwa kama dola 300,000 tu. Katika majimbo mengi kazi ilifanywa na watu wa kujitolea.

Vijana walikuwa na sababu ya pekee mwaka ule. Mwezi wa Julai 1971 Katiba ya Marekani ilibadilishwa, na umri wa kupiga kura ukashushwa kutoka miaka 21 hadi 18. Kwa hiyo uchaguzi wa 1972 ulikuwa wa kwanza wa Rais ambao kijana wa miaka 18 katika nchi nzima aliweza kuingia. Mimi nina miaka kumi na saba, na nikisoma habari hizi naona wivu kidogo.

Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa Mills College, Oakland, jina lake Barbara Lee, mama wa watoto wawili wa kiume. Somo moja alilosoma lilimtaka kila mwanafunzi afanye kazi katika kampeni ya mgombea Urais mmojawapo. Yeye aliwatazama wagombea akaona hapana wa kumpa jasho lake, akawa tayari kuanguka somo hilo. Kisha Bibi Chisholm akaja kuzungumza chuoni kwa mwaliko wa chama cha wanafunzi weusi, ambacho Barbara Lee alikuwa rais wake, na ndipo alipojua kuwa kumbe mama huyu naye agombea. Alipomwendea, aliulizwa kwanza kama amejiandikisha kupiga kura. Alikuwa hajajiandikisha. Akajiandikisha, akaingia kazini, akasaidia kuiongoza kampeni Kaskazini mwa California, na akafika mpaka mkutano mkuu. Amesimulia mwenyewe kuwa somo lile alipata A.

Wengine hawakukubali. Viongozi wengi wa weusi, wote wanaume, walisema, mwacheni huyu, tumuunge mkono atakayeshinda ili kesho atukumbuke. Katika mdahalo wetu wa muhula huu hoja hiyo hiyo ilisemwa kwa maneno mengine, kwamba kumpa kura asiyeweza kushinda ni kuitupa chooni, na ilishangiliwa sana. Nami sisemi kuwa ni hoja ya kijinga. Mwenye kufika mapema kwa mshindi hupata kiti karibu na meza. Lakini hoja hiyo yasahau kitu kimoja: ukimwahidi mtu kura yako kabla hajakuuliza unataka nini, hana haja tena ya kukuuliza.

Bibi Chisholm alikuwa na hesabu yake. Hakudhani kwamba ataingia Ikulu ya Washington. Alitumaini kuwa wakubwa watagawana wajumbe hata asipatikane mwenye zaidi ya nusu, na hapo wachache alio nao yeye watakuwa na thamani. Angeweza kusema: nitawapa wajumbe wangu, nanyi mtaje mtu mweusi kuwa Makamu wa Rais, mwanamke kuwa waziri, na mwenyeji wa asili wa Marekani kuwa waziri wa ardhi za nchi. Kwa maneno mengine, kura za watu wake zilikuwa mtaji wa kuingia nao sokoni.

Njiani palikuwa na taabu. Wakubwa walipopangiwa midahalo ya televisheni California, yeye aliachwa nje. Alishtaki, na mahakama ikaamuru apewe nusu saa yake. Tarehe 15 Mei Gavana Wallace alipigwa risasi huko Maryland, na Bibi Chisholm akaenda hospitali kumjulia hali. Wafuasi wake wengi walikasirika, wakasema vipi unamtazama adui yako? Mimi nadhani alifanya vyema. Baadaye alieleza kwamba Wallace alimsaidia kupata kura za wabunge wa Kusini katika sheria ya kima cha chini cha mshahara, na ni kweli kwamba mwaka 1974 watumishi wa nyumbani waliingizwa katika sheria hiyo.

Tarehe 6 Juni ilikuwa siku ya kupimana nguvu. Huko New Jersey alishinda kura ya kupima maoni, lakini wakubwa hawakuwamo katika karatasi ile, na kura yenyewe haikuwafunga wajumbe. Siku hiyo hiyo California, watu zaidi ya 150,000 walimpigia yeye. Hapa ndipo ile sheria ya mabweni inaporudi. California ilifuata mtindo wa mshindi kutwaa vyote. McGovern alimpita Humphrey kwa tofauti ya kama kura tano katika kila mia, akachukua wajumbe wote 271. Watu wale zaidi ya laki moja na nusu hawakupata mjumbe hata mmoja.

Wagombea wengine walibisha shauri hilo mpaka mkutano mkuu uliofanyika Miami Beach mwezi wa Julai. Mkutano ukaamua kuwa McGovern abaki na wajumbe wake wote wa California, na tangu dakika ile akawa na zaidi ya nusu. Humphrey alijitoa, akawaruhusu wajumbe wake weusi wampigie Bibi Chisholm. Kura zilipohesabiwa, Bibi Chisholm alipata wajumbe 152, akawa wa nne. McGovern alikuwa na zaidi ya 1,700. Mtaji ulikuwapo, ila mnunuzi hakuwa na haja nao tena. Mwezi wa Novemba Rais Nixon alimshinda McGovern katika majimbo 49 kati ya 50, na wale waliomkimbilia mshindi mapema wakakosa kiti na meza pia.

Basi je, kura zile zilitupwa? Ukitazama mwaka 1972 peke yake utasema ndiyo. Lakini tazama kilichozishinda: hazikushindwa kwa uchache tu, zilishindwa na sheria ya kuhesabu. Mwaka 1984 Mchungaji Jesse Jackson, mtu mweusi na mpenda mageuzi, aliingia katika mchujo wa chama hicho hicho akapata kura zaidi ya milioni tatu. Aliingia tena mwaka 1988 akapata karibu milioni saba. Hakushinda mara zote mbili. Lakini alikuwa na wajumbe wa kutosha kukaa na wakubwa wa chama na kudai, na alichodai kilikuwa sheria yenyewe: mshindi asitwae tena vyote, wajumbe wagawanywe kwa kadiri ya kura. Chama kikakubali, na tangu mchujo wa 1992 hivyo ndivyo wafanyavyo.

Mwaka 2008 Seneta Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya, alipambana na Seneta Hillary Clinton katika mchujo huo. Clinton alishinda California, New York na majimbo mengine makubwa. Kwa sheria ya zamani ushindi kama huo ungempa wajumbe wote wa majimbo yale. Kwa sheria mpya Obama aliondoka na fungu lake hata pale aliposhindwa, na mafungu hayo yalimfikisha.

Barbara Lee aliingia katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1998, na tarehe 14 Septemba 2001, Baraza lilipompa Rais idhini ya kutumia majeshi, kura zilikuwa 420 kwa 1. Ile moja ilikuwa yake. Bibi Chisholm mwenyewe alitoka Barazani mwaka 1983 akarudi kufundisha. Alifariki Florida tarehe 1 Januari 2005, siku chache kabla Obama hajaapishwa kuwa Seneta.