Saa za kazi nazo zataka daftari

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka hana haja ya kukumbushwa hilo, kwani kila kilo ya mchele inayotoka kwa mkopo huandikwa. Lakini vijana wetu wengi siku hizi hawauzi mchele. Wanauza saa zao: wanatafsiri, wanachora matangazo, wanahariri video za harusi, wanatengeneza tovuti. Mali hiyo ikitoka hairudi, na wengi hawaiandiki popote.

Matokeo yake ni bei ya kukisia. Tuseme umekubali kazi ya shilingi 6,000 ukidhani ni ya saa 6. Hapo umejihesabia shilingi 1,000 kwa saa. Ukijumlisha simu za mteja na masahihisho, kazi ikafika saa 15, umelipwa shilingi 400 kwa saa na wala hujui. Mteja mwengine akija, utataja bei ile ile.

Mimi kazi yangu ni kutafsiri, na saa zangu nazitunza kwa Org mode. Ni mpangilio wa kazi ulioanzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mtaalamu wa elimu ya nyota katika Chuo Kikuu cha Amsterdam. Unatumika ndani ya Emacs, programu ya kuandikia, na zote mbili ni za bure. Kila kitu hukaa katika faili ya maandishi matupu ndani ya kompyuta yako. Hulipii kila mwezi, huhitaji intaneti, na faili hiyo yaweza kufunguliwa na programu yoyote ya maandishi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Jina la mradi huandikwa mbele ya nyota moja, na kila kazi ndogo mbele ya nyota mbili:

* Tafsiri ya taarifa ya kikundi
** Kusoma na kuweka alama
** Rasimu ya kwanza
** Simu na ujumbe wa mteja
** Mabadiliko baada ya kukabidhi

Ukianza kazi, weka kishale kwenye mstari wake, shikilia Control, ubonyeze c, x, na i. Saa imeanza. Ukimaliza, shikilia Control ubonyeze c, x, na o. Programu yenyewe itaandika ulianza lini, ukamaliza lini, na jumla ni dakika ngapi. Ukianzisha kazi nyengine kabla ya kufunga ya kwanza, ile ya kwanza hufungwa yenyewe. Mwisho wa mradi waweza kuagiza jedwali linalojumlisha kila kazi na mradi mzima. Waweza pia kuandika makadirio yako kabla ya kuanza, kisha ukayalinganisha na saa halisi. Faida kubwa iko hapo: ukifanya hivyo kwa miradi michache, hutaji bei kwa kukisia tena.

Mistari miwili ya mwisho katika mfano wangu usiidharau. "Hebu badilisha kidogo tu" ni maneno matamu, lakini yakirudiwa mara nne humeza siku nzima. Yakiwa yameandikwa, mteja akitaka badiliko la tano utamwonyesha hesabu kwa upole, bila kugombana.

Sisi watu wa Pwani tuna la kuangalia zaidi. Kompyuta ikiandika 09:00, kwetu ni saa tatu asubuhi. Usichanganye hesabu hizi mbili katika faili moja. Tena kwetu jua likizama Alhamisi, huo ni usiku wa Ijumaa, ilhali kompyuta haibadilishi siku mpaka saa sita za usiku. Kazi uliyoifanya baada ya Isha usiku wa Ijumaa itaandikwa Alhamisi. Mteja wa mbali akiuliza ulifanya nini Ijumaa, fuata faili, usifuate mazoea ya ulimi.

Nina tahadhari mbili. Kwanza, daftari hili ni la mfanyakazi kujijua, si fimbo ya tajiri kumchapia. Kijana anayedaiwa maelezo ya kila dakika atajifunza kuandika uongo, na hapo daftari halina maana. Pili, saa zinaonyesha kazi imekugharimu nini. Hazionyeshi ina thamani gani. Fundi wa miaka ishirini humaliza kwa saa moja kazi inayomchukua mwanafunzi kutwa nzima, na hana sababu ya kulipwa kidogo kwa kuwa anajua.

Asiyekuwa na kompyuta asijione ametengwa. Daftari la mkononi lenye safu nne, yaani tarehe, kazi, kuanza na kumaliza, latosha kabisa, maadamu unaandika pale pale na si jioni kwa kukumbuka. Kumbukumbu ya jioni husahau simu ya dakika ishirini na ile nusu saa ya kutafuta picha.

Basi kijana, kabla ya kumtajia mteja bei ya kazi ijayo, andika saa za kazi uliyonayo sasa mpaka iishe. Ndipo ukae naye mzungumze, ukiwa na hesabu mkononi.