Darasa la Likizo: Sanaa, Kompyuta na Ufunguo wa Ukumbi

Likizo zikikaribia wazazi huulizana swali lile lile: huyu kijana tutamweka wapi? Aprili na Agosti yuko nyumbani majuma kama matatu, na mwisho wa mwaka hukaa zaidi. Wengine hukimbilia tuisheni. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza wanafunzi kulazimishwa masomo ya likizo, kwa hiyo hatuzungumzii hesabu za darasani kurudiwa. Tunazungumzia darasa la sanaa na kompyuta, mahali kijana anatengeneza kitu chake mwenyewe.

Kamati nyingi hukwama hapa: "Hatuna kompyuta za kutosha, tungoje mfadhili." Wakati mwingine mashine zenyewe zimeshaletwa, ila zimefunikwa shuka ndani ya ofisi ati zisiharibike! Kompyuta 4 zinatosha vijana 24, mradi wasizitumie wote saa moja. Watatu watatu wakae kwenye mashine, na wale 12 waliobaki wawe mezani na kazi nyingine, kisha wabadilishane.

Kazi gani? Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Kila mraba ni ushanga mmoja. Kijana achore mkanda wa shanga, halafu auandike kwa maagizo: nyekundu 3, nyeupe 2, nyekundu 3, rudia mara 4. Karatasi ya maagizo ampe mwenzake ambaye hajaona mchoro, naye atunge shanga. Zikitoka kombo, wote wawili warudi kwenye maagizo watafute ni lipi lililokosewa. Hiyo ndiyo kazi ya kuandika programu, hata kama stima imepotea siku nzima. Na picha ya kwenye kioo cha kompyuta ni hivyo hivyo: vidoti vyenye rangi, mstari kwa mstari. Mama anayesuka kiondo anaijua hesabu hiyo kitambo. Sisi tungemwita yeye afundishe siku ya kwanza, kabla ya yule kijana wa chuo.

Wakifika kwenye mashine, wataendelea na Scratch, programu iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani. Ni ya bure. Mtoto haandiki maneno magumu. Anaunganisha vipande vya maagizo kama matofali, na mchoro wake unatembea, unaongea, unacheza muziki. Haihitaji intaneti kila siku: mtu mmoja aipakue mara moja mjini, ailete kwa flashi, aiweke kwenye mashine zote.

Simu moja yenye kamera nayo ni shule. Vijana wafinyange watu wa udongo, wapige picha, wamsogeze mtu kidogo, wapige tena. Picha 12 zikipita kwa sekunde moja, jicho linaona mtu anatembea. Sinema ya nusu dakika ni picha 360, na mmoja akigonga meza tu, kila kitu kinaruka. Tuwaulize wazazi: ni wapi pengine utamwona mtoto wa miaka 13 akirudia kazi mara 360 bila kusukumwa?

Kuhusu stima, neno moja. Betri mbili za volti 1.5 zikifuatana zinatoa volti 3, na hizo zinawasha taa ndogo nyeupe ya LED kutoka kwenye tochi iliyokufa. Isipowaka igeuzeni, maana inapitisha stima upande mmoja tu. Stima ya ukutani, volti 240, vijana wasiichezee. Runinga kuukuu za kioo kizito pia wasizifungue. Hubaki na nguvu ya kumrusha mtu hata zikishachomolewa.

Jambo la wasichana tusilipitie haraka. Wakikaa watatu kwenye mashine, mara nyingi mvulana anashika kipanya na msichana anapewa kalamu awe mwandishi. Wekeni saa mezani: kila dakika 10 mikono inabadilishwa, bila mjadala. Tena darasa la saa mbili asubuhi linamfungia nje msichana anayeteka maji na kuosha vyombo. Kaeni na akina mama mkubaliane saa, na wote wawe nyumbani kabla ya giza.

Sasa tuje kwenye lile linalotuhangaisha zaidi. Miaka michache kabla ya 1993, jumba la makumbusho ya kompyuta mjini Boston, Marekani, lilifanya darasa la likizo. Watoto wachache wa mtaani waliingia, wakapewa mota na vipande vya kuchezea, wakaunda mitambo midogo, wakarudi siku baada ya siku. Likizo ikaisha na darasa likaisha. Baadaye wafanyakazi wakaonywa kwamba kuna vijana wanaojipenyeza ndani ya jumba. Kumbe ni wale wale! Hawakuja kuiba. Walikuwa wameonjeshwa kazi, halafu wakakosa pa kuifanyia.

Natalie Rusk wa jumba hilo na Mitchel Resnick wa MIT hawakuongeza walinzi. Mwaka 1993 walifungua mahali ambapo vijana wangekuja baada ya shule, bila malipo, wakiwa na watu wazima wa kuwaelekeza. Mahali pa namna hiyo pakaja kufunguliwa katika nchi nyingi, na Scratch yenyewe ilikuzwa kwa kujaribiwa na vijana wa huko.

Kwa hiyo kamati ikikutana, ajenda ya kwanza isiwe fulana wala sherehe ya kufunga. Iwe Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa: nani atakuwa na ufunguo wa ukumbi, nani atakaa na vijana kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, na stima italipwa kutoka mfuko gani. Andikeni majina mawili, sio moja, kwa sababu watu huugua na kusafiri. Majina hayo yakipatikana, tangazo la darasa lisomwe Jumapili.