Kukausha kinamasi si dawa ya malaria

Wakazi wengi wa mijini huamini kwamba kinamasi ni kiwanda cha mbu, na kwamba dawa yake ni kufyeka mafunjo, kuchimba mitaro na kupanda mboga. Msomaji, huenda nawe unaamini hivyo. Ukweli ni tofauti.

Anofelesi gambiae, mbu hatari sana anayeeneza malaria, hupenda kutaga mayai katika vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua. Chini ya mafunjo yaliyosongamana kuna kivuli na maji baridi. Yakifyekwa, maji hupata joto, na kila mtaro au alama ya kwato za ng'ombe hugeuka kidimbwi. Watafiti waliochunguza Kabale, Uganda, walieleza mwaka 2000 kwamba vijiji vilivyopakana na vinamasi vilivyolimwa vilikuwa na joto zaidi, na kadiri baridi ilivyopungua ndivyo mbu hao walivyoongezeka nyumbani.

Mafunjo pia ni chujio. Mizizi yake huzuia matope na uchafu kabla haujafika ziwani.

Huko Dunga, karibu na Kisumu, Waluo wamekata mafunjo tangu jadi ili kusuka mikeka, vikapu na mitego ya samaki. Msusi hukata bua lililokomaa na kuacha mizizi, nalo huchipuka tena. Lakini mizizi iking'olewa ili kulima, ufundi huo hupotea, na kinamasi hukosa watu wa kukilinda.

Je, kinamasi kilichoharibiwa chaweza kurudishwa? Ndiyo. Mitaro huzibwa ili maji yarudi, moto na jembe vikakomeshwa. Mahali ambapo mizizi imekwisha, vipande vyake hupandwa upya. Wasusi nao waachiwe wakate kwa zamu, sehemu moja ikipumzika.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Kinamasi hakikosi maradhi. Wako mbu wengine wanaozaana humo, kwa hivyo lala ndani ya chandarua chenye dawa. Konokono wa majini hueneza kichocho. Anayekata mafunjo avae viatu virefu vya mpira, na akiona damu kwenye choo au akiumwa na tumbo mara kwa mara, aende kupimwa. Ugonjwa huo una tiba. Maji ya ziwa yachemshe kabla ya kunywa.

Nawe mkazi wa mjini, ukinunua mkeka wa mafunjo umemsaidia msusi kupata sababu ya kulinda kinamasi. Na kabla ya kumwaga kifusi bondeni ili ujenge, kumbuka kwamba maji hayo yatatafuta pengine pa kutuama, labda mlangoni pako.